Laini ya 10 Mbps, vifaa 20: nani anakula mtandao, na foleni isimame wapi

Chukua duka la stationery pale Mwanga, Kigoma. Laini yake ni 10 Mbps (megabiti kwa sekunde) kushuka, yaani kupakua, na 2 Mbps kupanda, yaani kupakia. Ndani kuna kompyuta 6, printa na skana, na nje kuna benchi la wateja wenye simu zilizounganishwa kwenye Wi-Fi. Ukijumlisha, vifaa havipungui 20. Matokeo ya NECTA yakitoka, au dirisha la maombi ya mkopo likikaribia kufungwa, kila mmoja anataka chake kwa wakati mmoja, na sauti ya kwanza kusikika ni ile ile: "Kaka, mbona mtandao wako unazunguka tu?"

Jibu la haraka la wengi ni kuongeza kasi ya laini. Mara nyingi ni hela inayopotea. Laini ya 10 Mbps iliyogawanywa vizuri inahudumia duka kama hilo bila kelele. Laini ya 20 Mbps isiyogawanywa huzidiwa na simu moja inayopakia picha. Kinachoamua ni foleni ya pakiti, yaani vipande vidogo vya data, inasimama wapi, na nani anaipanga.

Mifano hapa inatumia ruta ya MikroTik, kwa kuwa ndiyo imezoeleka kwenye kazi hizi, na pale inapofaa OpenWrt, programu huria ya kuendeshea ruta. Namba zote ni za laini ya 10 kwa 2. Badilisha kulingana na yako.

Kabla ya kugusa mpangilio wowote

Pima kwanza. Subiri duka lifungwe, zima Wi-Fi, chomoa nyaya zote kwenye swichi, bakisha kompyuta moja iliyounganishwa na ruta kwa waya. Fungua madirisha mawili ya amri na uache haya yaende sambamba:

`ping -t 192.168.88.1`
`ping -t 8.8.8.8`

La kwanza linapima safari ya kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye ruta yako. Kwa waya linapaswa kuwa chini ya 1 ms (milisekunde) au 1 ms tu. La pili linapima safari ya nje. Usitafute namba ya mtu mwingine ya kujilinganisha nayo: data ya Kigoma inasafiri mbali kabla ya kutoka nchini, na namba ya Dar es Salaam haikuhusu. Andika unayoipata mtandao ukiwa umetulia. Tuseme ni 70 ms. Hicho ndicho kipimo chako.

Sasa, yale madirisha yakiwa bado wazi, anza kupakua faili kubwa. Tazama namba. Acha. Kisha pakia faili kubwa, kwa mfano video ya 200 MB kwenye hifadhi ya mtandaoni. Tazama tena. Mwisho pima kasi kwa tovuti yoyote ya kupimia, na urudie saa nne asubuhi, saa tisa mchana na saa mbili usiku, ukiwatenga wengine kwa dakika chache tu. Namba ndogo kuliko zote ndiyo utakayoifanyia kazi.

"Hata nikiwa peke yangu uko taratibu"

Kama kompyuta moja kwa waya haifikii kasi uliyolipia, hakuna ugawaji utakaosaidia. Hakikisha kwanza huchanganyi biti na baiti: baiti moja ni biti 8, hivyo 10 Mbps ni 1.25 MB kwa sekunde, kwa hiyo faili la 75 MB kuchukua dakika moja ni halali kabisa. Kisha angalia kama kifurushi kina kikomo kinachoshusha kasi ukikivuka. Laini ya 10 Mbps ikijaa saa nzima inamaliza GB 4.5, na watu hushangaa bando linakoishia. Baada ya hapo badilisha waya kati ya modemu na ruta. Waya uliobanwa na mguu wa meza kwa miaka 2 hauonekani kuwa mbovu, ila unapoteza pakiti. Yote yakiwa sawa, piga simu kwa mtoa huduma ukiwa na vipimo vyako vya saa tatu tofauti mkononi.

"Ni mzuri mpaka mtu aanze kutuma kitu"

Hii ndiyo dalili yenye kupotosha kuliko zote, maana wanaolalamika wanapakua na chanzo ni anayepakia.

Tazama lile dirisha la pili la pingi. Mtandao ukiwa umetulia lilisema 70 ms. Mtu anaunganisha simu yake, na simu inagundua Wi-Fi na kuanza kuhifadhi picha zake mtandaoni bila kumuuliza. Picha 200 za MB 4 ni MB 800, na kwa 2 Mbps hizo ni dakika 53. Dirisha linaanza kusoma 300, 700, 1100 ms. Hakuna pakiti iliyopotea. Zote zimesimama foleni ndani ya modemu. Modemu yenye nafasi ya KB 256 tu inahitaji sekunde moja nzima kuimwaga kwa 2 Mbps, na nyingi zina nafasi kubwa zaidi ya hiyo. Kila ombi jipya, hata la kufungua ukurasa mdogo wa matokeo, linakwenda kusimama nyuma ya picha za harusi.

Halafu kuna deni la pili. Kila unapopakua, kompyuta yako inarudisha stakabadhi ndogo ndogo kusema "nimepokea". Kupakua kwa 10 Mbps kunadai takriban 0.2 Mbps ya kupanda kwa stakabadhi hizo peke yake. Njia ya kupanda ikiziba, stakabadhi zinachelewa, na upande wa pili unapunguza mwendo ukidhani laini imezidiwa. Ndiyo maana kasi ya kushuka inaporomoka hadi 1 au 2 Mbps hata kama anayepakua ni mmoja tu.

Dawa ni kuihamisha foleni kutoka kwenye modemu, ambayo huna amri nayo, hadi kwenye ruta yako. Unafanya hivyo kwa kuiambia ruta kwamba laini ni ndogo kidogo kuliko ilivyo: asilimia 85 hadi 90 ya kipimo chako cha chini cha kasi. Kwa 10 kwa 2, weka 9 Mbps na 1.8 Mbps. Ndiyo, unatoa kafara asilimia 10. Kwa malipo hayo modemu haijai kamwe, na ruta ndiyo inayoamua nani apite.

Amri ya MikroTik iko kwenye sehemu inayofuata. Kwenye OpenWrt sakinisha kifurushi cha `luci-app-sqm` (SQM ndicho kipangaji foleni chake), chagua tundu la WAN, yaani linaloelekea kwa mtoa huduma, andika 9000 ya kushuka na 1800 ya kupanda, kisha chagua `cake`, aina ya foleni, na `piece_of_cake.qos`. Rudia jaribio la kupakia. Pingi iliyokuwa ikifika 1100 ms inapaswa sasa kucheza kati ya 70 na 100. Ikibaki juu, punguza 1800 iwe 1700, halafu 1600, mpaka itulie. Usipunguze vyote viwili kwa mpigo, hutajua kipi kilisaidia.

"Mmoja anapakua, kumi na tisa wanasubiri"

Watu hudhani ruta kwa asili yake inagawa sawa kwa kila mtu. Haigawi kwa mtu. Kinachogawana ni miunganisho. Fikiria abiria wanaopanda mtumbwi mmoja Kibirizi, foleni moja, mtu mmoja zamu moja. Mfanyabiashara mmoja wa dagaa anakuja na vibarua 16, na kila kibarua anasimama foleni kama abiria kamili. Hajavunja sheria yoyote, lakini akiwepo abiria mwingine mmoja tu, zamu 16 kati ya 17 ni za vibarua wake. Programu za kupakua kwa kasi na zile za torenti zinafanya hivyo hasa: zinafungua miunganisho 16 au zaidi kwa faili moja. Mwenzake anayefungua fomu ya Ajira Portal ana muunganisho mmoja.

Kwa hiyo foleni ihesabu watu, yaani anwani za IP, namba ya kila kifaa kwenye mtandao. Kwenye MikroTik kazi hiyo inafanywa na PCQ, aina ya foleni inayogawa sawa kwa kila anwani, na aina mbili zinazohitajika zimekuja nazo tayari:

`/queue simple add name=wote target=192.168.88.0/24 max-limit=1800k/9M queue=pcq-upload-default/pcq-download-default`

Namba ya kwanza ni kupanda, ya pili ni kushuka. Wengi huzigeuza, kisha wanashangaa mbona kupakua kumekufa. Kwa mstari huo, akiwepo mtu mmoja anapata 9 Mbps zote, wakiwa wawili kila mmoja 4.5, wakiwa 18 wanaovuta kwa nguvu kila mmoja 0.5. Mwenye miunganisho 16 na mwenye mmoja wanapata sawa.

Kwenye OpenWrt fungua mipangilio ya juu ya SQM. Upande wa kushuka andika `nat dual-dsthost`, upande wa kupanda `nat dual-srchost`. Ukisahau neno `nat`, cake inaona kila kitu kimetoka kwenye anwani moja ya ruta, na hesabu ya watu inapotea.

Mambo mawili kuhusu PCQ ambayo hayaonekani mpaka duka lijae. Kila mtu ana nafasi ya foleni ya KiB 50 (takriban KB 50), na wote kwa pamoja KiB 2000. Gawanya: hiyo inatosha watu 40 wanaovuta kwa wakati mmoja. Hosteli yenye wanafunzi 70 ikiachiwa namba hizo, pakiti zinaanza kutupwa ovyo saa mbili usiku. Pandisha `pcq-total-limit` hadi KiB 4000. La pili, KiB 50 kwa mtu mwenye mgao wa 0.5 Mbps ni sekunde 0.8 za kusubiri. Atakayeumia ni yeye mwenyewe: akipakua huku anaongea kwa WhatsApp, sauti yake itakatika, ya jirani haitakatika. Ukitaka kumwonea huruma, shusha `pcq-limit` iwe KiB 20.

"Nimeweka foleni, hakuna kilichobadilika"

Fungua Queues na utazame namba za foleni yako wakati watu wanatumia mtandao. Kama zinasoma sifuri au kidogo mno, data inapita pembeni. Mshukiwa wa kwanza kwenye MikroTik ni fasttrack. Mpangilio wa kiwandani una kanuni hiyo kwenye firewall, ukuta wa ulinzi wa ruta, na kazi yake ni kuharakisha miunganisho kwa kuirusha juu ya foleni zote rahisi (`queue simple`). Itafute:

`/ip firewall filter print where action=fasttrack-connection`

Izime kwa namba yake, kisha washa ruta upya, la sivyo miunganisho iliyokwisha kupewa njia ya mkato itaendelea nayo. Kwenye OpenWrt mshukiwa mwenza ni "flow offloading" kwenye kurasa za firewall. Zima. Kwa laini ya 10 Mbps prosesa ya ruta haitasikia uzito wowote.

Mshukiwa wa pili ni mpangilio wa foleni. Foleni rahisi zinasomwa kutoka juu kwenda chini, na pakiti inaingia ya kwanza inayolingana nayo. Ukitumia Hotspot yenye vocha, ruta inamtengenezea kila mteja foleni yake, na akishaingia humo haifikii ile ya `wote`. Kila vocha ya 2 Mbps inatimiza ahadi yake kivyake, watu 10 wanadai 20 Mbps kwenye laini ya 10, na foleni inarudi kwenye modemu. Fungua wasifu wa watumiaji wa Hotspot na uweke `parent-queue=wote`.

Mshukiwa wa tatu hukaa kimya: IPv6, mfumo mpya wa anwani unaotembea sambamba na ule wa zamani, IPv4. Kama mtoa huduma wako ameiwasha, foleni yenye anwani za IPv4 pekee haioni data inayopita kwa IPv6. Ama weka anwani zote mbili kwenye `target`, ama zima IPv6 mpaka utakapokuwa tayari.

"Nimempa kila mtu 512 kbps, na bado wananung'unika"

Wana haki. Kikomo kigumu si ugawaji. Watu 20 mara 512 ni sawa na laini yote, lakini watu 20 hawavuti kwa pamoja. Saa tano usiku mlinzi yuko peke yake, 9.5 Mbps zimelala, naye anasubiri video iliyoganda. Kikomo kigumu kiweke pale tu unapouza vocha za bei tofauti.

Kinachohitajika ni dhamana na dari. Dhamana, `limit-at`, ni kile mtu anachopata hata dunia ikijaa. Dari, `max-limit`, ni kule anakoruhusiwa kufika wengine wakilala. Dukani, kompyuta za kaunta ndizo zinazoleta hela, kwa hiyo zipe anwani za kudumu kutoka 192.168.88.9 hadi 14, kisha gawa hivi:

`/queue simple set wote queue=default-small/default-small`
`/queue simple add name=kaunta parent=wote target=192.168.88.8/29 limit-at=800k/3M max-limit=1800k/9M priority=1/1 queue=pcq-upload-default/pcq-download-default`
`/queue simple add name=wageni parent=wote target=192.168.88.0/24 limit-at=600k/4M max-limit=1800k/9M priority=8/8 queue=pcq-upload-default/pcq-download-default`

`kaunta` lazima iwe juu ya `wageni`, maana anwani zake zimo pia ndani ya `wageni`. PCQ imehamia kwa watoto, yaani foleni zilizo chini ya `wote`, kwa sababu foleni ya mzazi hugawa kati ya watoto tu. Na ujumlishe dhamana: 3M na 4M ni 7M, chini ya 9M za mzazi. Ukiahidi jumla inayozidi mzazi, ahadi zote zinakuwa hewa, na kipaumbele hakitakuokoa, kwa sababu kipaumbele huangaliwa baada ya dhamana kulipwa.

"Ndani unapatikana, kwenye benchi la nje haupatikani"

Rudi kwenye pingi ya ruta, safari hii ukiwa na kompyuta ndogo nje. Kama 192.168.88.1 yenyewe inasoma 200 ms au inakatika, acha foleni. Tatizo ni hewa.

Wi-Fi ni kama kipaza sauti kimoja: mmoja akiongea, wote wananyamaza. Simu iliyo mbali, nyuma ya ukuta wa tofali na bati, inaongea polepole. Pakiti inayotumwa kwa 6 Mbps inakaa hewani karibu mara 9 ya ile inayotumwa kwa 54 Mbps. Wateja wawili wa namna hiyo chini ya mwembe wanaweza kuwapunguzia wote waliomo ndani, na kwenye jedwali la foleni watasomeka kama watu wanaotumia kidogo sana. Weka kituo kingine cha Wi-Fi karibu na benchi, kwa waya hadi kwenye swichi. Kirudishi cha bei rahisi kisicho na waya kinapokea na kutuma kwenye hewa ile ile, kwa hiyo kinakula nusu ya kinacholeta. Kwenye 2.4 GHz tumia chaneli 1, 6 au 11 tu, upana wa 20 MHz, na kompyuta za kaunta ziende kwa waya.

"Wi-Fi imeshika, ila intaneti hamna"

Angalia orodha ya anwani zilizotolewa na DHCP, huduma ya ruta inayogawia vifaa anwani. Simu za Android kuanzia toleo la 10 na iPhone kuanzia iOS 14 hujificha kwa anwani ya MAC (namba inayotambulisha kifaa) ya kubuni, na baadhi huibadilisha. Mteja mmoja anaweza kushika anwani kadhaa kwa wiki. Ikiwa muda wa kushika anwani ni siku 3, bwawa la anwani 50 linakauka na anayefuata anabaki mlangoni. Kwa wageni weka saa 1. Hiyo pia ndiyo sababu vizuizi vya kutumia MAC havishiki siku hizi. Anwani ikibadilika, ruta inamwona mteja yule yule kama mgeni.

"Kila siku saa ile ile"

Kama ni asubuhi kompyuta zikiwashwa, ni masasisho ya Windows. Kwenye kila kompyuta weka muunganisho kuwa wa kulipia kwa kipimo ("metered connection"), au ruhusu kompyuta zigawiane masasisho zenyewe kwa zenyewe, ili sasisho moja lishuke mara moja badala ya mara 6.

Kama ni jioni na laini yako ni ya 4G, mnara umezidiwa na mtaa mzima. Kipimo cha asubuhi kilisema 10, cha saa mbili usiku 5. Ukiwa umeiambia ruta 9M, foleni imesharudi kwenye modemu na kazi yote ya juu imelala. Weka 4500k kati ya saa 12 jioni na saa 5 usiku kwa kutumia ratiba ya ruta:

`/system scheduler add name=jioni start-time=18:00:00 interval=1d on-event="/queue simple set wote max-limit=900k/4500k"`
`/system scheduler add name=usiku start-time=23:00:00 interval=1d on-event="/queue simple set wote max-limit=1800k/9M"`

Kama una watoto `kaunta` na `wageni`, dhamana zao nazo zishuke jioni kwa amri hiyo hiyo, la sivyo zitazidi za mzazi. Na ratiba ikigoma kufuata saa, uliza kama umeme ulikatika. Ruta nyingi za aina hii hazina betri ya saa. Zikizimika na kuwaka zinaweza kuamka na tarehe isiyo sahihi. Washa NTP, huduma inayorekebisha saa kupitia mtandao, weka ukanda wa saa wa `Africa/Dar_es_Salaam`, kisha usome `/system clock print` kabla hujaanza kubadilisha kitu kingine.